Kila Shamba na Njaa Yake

Mwezi wa pili, mvua ikiwa imeshachanganya, nenda kwenye shamba lolote la karanga Uyui au Sikonge, mkoani Tabora, uchimbue shina moja taratibu kwa jembe la mkono, mizizi isikatike. Kung'uta mchanga. Utaona vinundu vidogo kama punje za uwele vimeng'ang'ania mizizi. Tumbua kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa na wekundu wa waridi, kama nyama mbichi, kipo kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi inayofanyika humo. Shangazi yangu, aliyenionesha jambo hili nikiwa darasa la tano, hakuwa na jina la vile vinundu. Alichojua ni kwamba mahindi ya mwaka unaofuata hupendeza pale zilipokuwa karanga, na hilo lilimtosha.

Ndani ya vinundu wanaishi bakteria. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa bado hewa. Bakteria hawa huigeuza iwe chakula cha mmea, na mkaranga unawalipa kwa sukari. Ule wekundu hutokana na kitu kilicho ndugu wa kile kinachoifanya damu yetu iwe nyekundu. Kazi yake ni kudhibiti oksijeni ili bakteria wasivurugwe.

Lakini hapa ndipo wengi tunapokosea. Naitrojeni iliyovunwa na karanga haibaki yote ardhini. Nyingi inaingia kwenye punje zenyewe, na sehemu kubwa ya iliyobaki imo kwenye majani. Ukishang'oa, ukachambua karanga, kisha ukabeba majani yote nyumbani kwa mbuzi au ukayachoma pembeni mwa shamba, umeondoka na mbolea uliyokuwa umeletewa bure. Shangazi alikuwa akitandaza majani kwenye mifereji kati ya matuta. Msimu ukianza, anapasua tuta la zamani katikati na kulifunika juu ya yale majani, mfereji wa jana unakuwa tuta la leo. Ni ulimaji wa kale wa Wanyamwezi na Wasukuma, na kila mzee wa huku anaujua.

Kilimo endelevu, ukiondoa maneno ya semina, ni hesabu hiyo: nini kinatoka shambani, nini kinarudi, na nani anabeba gharama ya kukirudisha. Ugumu wake ni kwamba mashamba ya dunia hayana njaa moja. Lipo linalokufa kwa kiu, lipo linalopoteza udongo kwa upepo, lipo lenye naitrojeni ya kumwaga mpaka mito inaharibika, na lipo kama la kwetu Tabora, mchanga mwepesi usioshika chakula. Dawa ya mmoja ikipelekwa kwa mwingine bila kuuliza mgonjwa anaumwa nini, inaweza kumaliza nguvu na fedha za mkulima bure. Nimeona hivyo kwenye shamba langu mwenyewe, nitafika huko.

Kwanza majina, maana yanachanganya. Kilimo hai ni kulima bila mbolea wala dawa za viwandani. Kilimo hifadhi kina nguzo tatu: kutolima udongo wote, kuufunika, na kubadilisha mazao; hakikatazi mbolea ya dukani wala dawa ya magugu. Kilimo mseto ni kuchanganya mazao na miti, na mara nyingine mifugo. Kilimo ikolojia ni mtazamo mpana unaolitazama shamba kama sehemu ya msitu, maji, wadudu na watu wanaolizunguka. Mtu anaweza kufanya kilimo hifadhi akanyunyiza dawa kila msimu, na mwingine akafanya kilimo hai huku mvua ikimbebea udongo wote bondeni. Kwa hiyo mtu akikuambia shamba lake ni endelevu, muulize la namna gani.

Tuanze na kiu. Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso, ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliacha ardhi imekauka na kuwa ngumu kama sakafu. Mvua ikinyesha inateleza juu na kwenda zake. Mkulima Yacouba Sawadogo alichukua mbinu ya wazee wake iitwayo zaï akaiboresha. Wakati wa kiangazi unachimba vishimo vya upana wa sentimita 20 mpaka 40 na kina cha sentimita 10 mpaka 20, unatia samadi au takataka za mimea, unangoja mvua. Kinachonivutia zaidi ni kazi ya mchwa. Wanaifuata ile samadi, wanatoboa vijia chini ya ardhi, na maji ya mvua ya kwanza yanapitia humo. Mtama ukaota mahali ambapo watu walikuwa wameshahama. Mwaka 2018 Sawadogo alipewa Tuzo ya Right Livelihood, na alifariki mwaka 2023.

Je, tuchimbe zaï Tabora? Maeneo mengi ya mkoa huu hupata mvua ya milimita 800 mpaka 1,000 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili au mwanzoni mwa Mei, na udongo wa kichanga unapokea maji bila shida. Kuchimba maelfu ya vishimo kwa hekta moja ni kazi ya kuvunja mgongo, na huku tungekuwa tunalitibu shamba kiu lisiyo nayo. Igunga, ambako ni kukavu zaidi, ningemsikiliza mkulima anayetaka kujaribu. Kwetu Sikonge, hapana.

Brazili walikuwa na njaa nyingine. Jimbo la Paraná lina mvua kali, na trekta zilipokuwa zikigeuza udongo kila msimu, mvua iliubeba. Mwaka 1972 mkulima Herbert Bartz wa Rolândia alianza kupanda soya bila kulima kabisa, mbegu ikitumbukizwa ndani ya mabua ya zao lililopita. Leo mbinu hiyo inatumika Brazili kwenye zaidi ya hekta milioni 30. Udongo umetulia, mafuta ya trekta yamepungua. Lakini magugu yanauawa kwa dawa, kwa wingi, na mashine za kupandia ni za gharama kubwa. Yote hayo ni kweli kwa pamoja, na anayekusimulia nusu moja tu anakunyima habari.

Nami nilijaribu. Nusu eka, mabua ya mahindi nikayaacha yametandazwa yote, nikasubiri mvua. Mwezi wa nane ng'ombe wa majirani wakaingia. Sikuwa na la kumlaumu mtu: huku kwetu mavuno yakishaisha shamba ni malisho ya wote, ndivyo tulivyoishi na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Yaliyobaki wakayamaliza mchwa. Novemba ilipofika udongo wangu ulikuwa mtupu kama kiganja, na kwa kuwa sikuwa nimepiga matuta, palizi ya kwanza ilinichukua siku tisa. Wale mchwa wanaoshukuriwa Yatenga ndio walionimalizia matandazo Tabora. Paraná hakuna ng'ombe wa jirani anayengoja mabua ya mwenzie. Huku majani makavu ya kiangazi ni chakula cha mfugo, na asiyeiona hesabu hiyo atawaita wakulima wakaidi.

Sasa naitrojeni, maana ndiyo njaa yetu kubwa.

Uholanzi ni nchi ndogo yenye mifugo mingi kupita kiasi. Chakula cha ng'ombe na nguruwe huagizwa kutoka nje, soya ya Brazili ikiwemo, na kinyesi kinabaki Uholanzi. Naitrojeni inapanda hewani kama amonia, inaangukia misitu na maeneo ya hifadhi, mimea iliyozoea udongo maskini inazidiwa. Mwezi Mei 2019 Baraza la Serikali, ambalo huko ndilo mahakama ya juu ya mambo ya utawala, liliamua kwamba utaratibu wa serikali wa kutoa vibali haukidhi sheria ya kulinda hifadhi hizo. Oktoba mwaka huohuo wakulima wakaingia The Hague na matrekta kuandamana. Kwa Mholanzi, kilimo endelevu maana yake ni kupunguza samadi.

Sri Lanka ilikwenda upande wa pili. Mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku kuingiza mbolea za viwandani na dawa za mimea, nchi nzima igeukie kilimo hai kwa mara moja. Sababu moja ilikuwa afya, nyingine upungufu wa fedha za kigeni. Wakulima hawakuwa na samadi ya kutosha wala muda wa kujiandaa. Mavuno ya mpunga na chai yakaporomoka, nchi ikaagiza mchele kutoka nje, na kufikia Novemba mwaka huohuo marufuku ilikuwa imeondolewa. Kilimo hai chenyewe hakikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuondoa chakula cha shamba kabla ya kuandaa kingine.

Ukiwa Tabora, fanya hesabu hii. Gunia kumi za mahindi za kilo 100, yaani tani moja, zinaondoka na takribani kilo 15 za naitrojeni ndani ya punje peke yake. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa hiyo kila tani inayopanda lori ni sawa na theluthi mbili ya mfuko wa Urea iliyotoka shambani kwako. Usiporudisha chochote, mwaka wa tatu au wa nne majani ya chini ya mahindi yanaanza kukuambia: umanjano unaoingia kwenye ncha na kushuka katikati ya jani kwa umbo la V. Watu wengi huku hudhani ni jua.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaohubiri kwamba mkulima wa kichanga aache kabisa mbolea ya dukani. Atumie kidogo, kwa akili. Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, waliofanya kazi Niger na Zimbabwe walionesha kwamba kipimo kidogo kinachotiwa jirani na shina, kama kizibo cha soda, hufanya kazi zaidi kwa kila kilo ya mbolea kuliko kiasi kikubwa kinachorushwa shamba zima. Kwenye mchanga kuna sababu ya ziada: Urea yote ikiwekwa kwa mkupuo, mvua kubwa moja inaizamisha chini mizizi isikofika. Igawe mara mbili, na uifukie, kwa sababu ikiachwa juu sehemu yake inageuka hewa na kupotea. Mfuko wa ruzuku unaofukiwa vizuri una thamani kuliko miwili inayorushwa.

Upande wa pili wa dawa yetu ni miti. Malawi, kwenye kituo cha utafiti cha Makoka, kwa miaka mingi walipanda mti wa glirisidia katikati ya mahindi. Mti huo ni wa jamii ya kunde, una vinundu kama karanga. Unakatwa ukiwa mfupi, matawi yanafukiwa kwenye matuta, mahindi yanakula. Mashariki mwa Zambia walizoea zaidi kulipumzisha shamba miaka miwili chini ya sesbania, mti mwingine wa jamii ya kunde, kisha kurudi na mahindi. Kituo chetu cha Tumbi hapa Tabora nacho kiliwahi kushirikiana na ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, kuchunguza miti ya aina hii, kwa hiyo si habari ngeni mkoani. Kinachozuia ni kazi: kukata na kufukia kunagongana na palizi, na mwenye mikono miwili hawezi kuwa sehemu mbili. Kwa kaya isiyo na vijana wa kusaidia, mbaazi zilizochanganywa na mahindi zinaweza kuwa jibu rahisi zaidi, maana zinajitunza na zinaliwa. Wakulima wa Mexico, huko mahindi yalikotokea, wamechanganya mahindi, maharage na maboga tangu kale, na bibi zetu wakafanya hivyohivyo kwa kunde na maboga bila kufundishwa na Mmexico yeyote.

Nikitaja miradi mikubwa ya kilimo, Urambo ya hapahapa mkoani lazima itajwe. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanza mradi wa karanga Tanganyika katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikusudia zaidi ya eka milioni tatu. Mashine zilizokusudiwa kung'oa miti zilivunjika kwenye mizizi, mvua ya Kongwa haikutosha, udongo wake ukikauka ukawa mgumu kama tofali na karanga zikashindwa kung'oka. Mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36. Na zao lenyewe lilikuwa karanga! Zao ambalo wanawake wa Unyamwezi walikuwa wakilima nyuma ya nyumba kwa jembe la mkono. Aliyepanga kutoka London hakuuliza udongo, wala hakuwauliza wao.

Karanga za Waingereza zilipokufa, Urambo ikageukia tumbaku, na hapo ndipo penye fundo la mkoa huu. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye bani. Moto unawashwa nje, joto linapita kwenye mabomba ndani, usiku na mchana, kwa takribani wiki moja. Kila kilo ya tumbaku inakula kilo kadhaa za kuni, na kuni hizo ni miombo: mitundu, miyombo, na mara nyingine hata mninga. Msitu huohuo ndio unaowapa nyuki maua, na asali ya Sikonge isingekuwapo bila huo.

Rahisi kusema tuache tumbaku. Lakini mkulima wa hapa anapata mbolea kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi kwa sababu ya tumbaku, na sehemu ya mbolea hiyo huishia kwenye mahindi yanayolisha watoto wake. Ukimwambia aache tumbaku, umemwambia pia aache mkopo pekee anaoufahamu. Sijasikia bado mpango wa zao mbadala ulioanza kwa kujibu swali hilo: mbolea ya mahindi itatoka wapi? Mabani yaliyoboreshwa yanapunguza kuni, na mikaratusi inayopandwa na wakulima inasaidia. Haya ni ya kuanzia tu.

Hatua iliyo kubwa zaidi ya kurudisha miti haihitaji kitalu cha miche. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Maradi nchini Niger, Tony Rinaudo kutoka Australia alichoka kupanda miche inayokufa. Siku moja akagundua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita jangwani ni visiki vya miti iliyokatwa, mizizi yake ingali hai chini. Alichofanya yeye na wakulima ni kuchagua machipukizi machache kwenye kila kisiki, kupogoa mengine na kuyalinda. Wakulima walipoona kwamba mti uliomo shambani mwao wanaweza kuuvuna wenyewe badala ya kuuogopa kama mali ya serikali, mbinu ikasambaa kwa hekta zipatazo milioni tano. Rinaudo alipata tuzo ileile, mwaka uleule wa Sawadogo. Dodoma mbinu hiyo inajulikana kwa jina zuri: Kisiki Hai.

Na jirani zetu wa Shinyanga walikuwa na yao. Miti ya Usukuma ilifyekwa kwa wingi enzi za mkoloni kuwamaliza ndorobo, kisha pamba na mifugo ikamaliza iliyobaki. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na uliposhika kweli ni pale uliporudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho kwa ajili ya kiangazi. Ardhi ikifungwa, visiki vinachipua. Mamia ya maelfu ya hekta yakarudi, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta. Nzega na Igunga nazo zina ngitili. Hii ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote kwa Tabora, kwa sababu miombo kwa asili yake huchipua kwenye kisiki, na kwa sababu ngitili tayari inajibu swali la ng'ombe lililonishinda kwenye nusu eka yangu.

Mpunga nautaja kwa ufupi. Qingtian, jimbo la Zhejiang nchini China, wamefuga samaki ndani ya mashamba ya mpunga kwa zaidi ya miaka elfu moja. Samaki wanakula wadudu na magugu, kinyesi chao kinalisha mpunga, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikautambua mfumo huo mwaka 2005. Majaruba yetu ya mbugani yanategemea maji yanayotiririka kutoka juu, na hukauka mapema, kwa hiyo samaki watahitaji shimo la kukimbilia. Faida ya jaruba ipo kwingine: linakamata udongo mzuri uliotoka kwenye miinuko, ndiyo maana mbuga hazichoki haraka kama kichanga.

Mwezi uliopita nilipita kwa mzee mmoja jirani yangu, mkulima wa tumbaku tangu ujana wake. Pembeni mwa bani lake kulikuwa na visiki vya mitundu vilivyokatwa miaka mitatu iliyopita, kila kimoja kimerudisha machipukizi zaidi ya kumi yanayogombania jua. Alikuwa na panga na kamba nyekundu. Kwenye kila kisiki alichagua matatu yaliyonyooka na yaliyo mbalimbali, akayafunga kamba, mengine akayakata karibu na shina. Yale matatu akayapogoa kuanzia chini mpaka nusu ya urefu wake. Matawi aliyokata hakuyapeleka kwenye tanuru. Aliyabeba na kuyalaza kwenye mifereji ya shamba la mahindi, tayari kwa kufunikwa na matuta mvua ikikaribia. Nikamuuliza kamba nyekundu ni za nini. "Za wachungaji, mwanangu," akasema. "Wakiona kamba wanajua mti una mwenyewe."